Appalachian Trail na watoto: namna ya kuanza matembezi ya siku moja

Kila mwaka majani yakianza kugeuka rangi simu yangu inajaa maswali yale yale. Eti huko mlimani kuna dubu? Eti mnalipa bei gani? Lazima mlale porini? Mtoto wa miaka mitano ataweza kweli? Nivae nini? Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa voisi, kwa hiyo nimeyaandika yote hapa. Nakuandikia hasa wewe uliyeko Maryland, DC, Virginia au Pennsylvania maana huku ndo nakojua, ila hata ukikaa Tennessee au New Jersey mambo ni hayo hayo.

Kwanza lielewe hili, ndo linawatisha wengi. Appalachian Trail (kwa kifupi AT) ni njia ya miguu ya maili zaidi ya 2,190, inaanzia Springer Mountain kule Georgia na kuishia mlima Katahdin kule Maine, inapita majimbo 14. Wapo wanaoitembea yote mfululizo, inawachukua miezi mitano mpaka saba, wananuka jasho na ndevu zimewajaa, utakutana nao. Wewe sio hao. Hii njia inakatwa na barabara za magari sehemu nyingi sana, kwa hiyo unachagua kipande, unapaki gari, mnatembea, mnageuka, jioni mko nyumbani mnakula ugali. Huku kwetu hamna tiketi ya kutembea, hamna kujiandikisha kwa matembezi ya mchana, wala hamna guide wa lazima kama Kilimanjaro. Pesa inakuhusu pale njia inapopita ndani ya hifadhi yenye ada, mfano Shenandoah kule Virginia, ambapo ukiingia na gari ni kama dola 30 na ile risiti unaitumia siku saba. Ukiwa na mtoto wa darasa la nne ulizia pasi ya bure ya Every Kid Outdoors kabla hujalipa, wengi wanayo haki hiyo na hawajui.

VYA KUWA NAVYO KABLA HAMJATOKA

- Raba zenye soli inayoshika. Sio lazima buti za dola 200. Emma Gatewood, bibi wa miaka 67, mama wa watoto 11, aliitembea njia yote peke yake mwaka 1955 akiwa na raba za kawaida na kifurushi begani. Wewe unakwenda maili mbili.
- Nguo zisizo za pamba. Jinzi na fulana ya pamba zikilowa jasho au mvua hazikauki, na juu kuna upepo, mtoto anaanza kutetemeka hata mwezi wa tano. Sasa siri ni hii, jezi za mpira ni poliesta tupu. Ile jezi ya Simba au Yanga iliyokaa kabatini ndo nguo ya mlimani, na mkipotezana mtaonana kwa mbali. Suruali za michezo zimejaa kwenye maduka ya mitumba ya Goodwill.
- Koti la mvua kwa kila mtu, hata kama asubuhi jua linawaka.
- Maji. Mtu mzima hesabu nusu lita kwa kila saa ya kutembea, siku ya joto zaidi. Ya mtoni yanaonekana safi ila usinywe bila kuchuja au kuchemsha.
- Chakula kuliko mnavyodhani. Chapati zilizokunjwa na yai ndani, viazi vitamu vya kuchemsha, karanga, ndizi. Chai kwenye chupa kama kuna baridi.
- Ramani isiyohitaji mtandao. Ramani za karatasi za Potomac Appalachian Trail Club ni nzuri sana kwa maeneo ya huku, au pakua ramani kwenye simu ukiwa bado nyumbani. Juu huko mtandao unakuja na kuondoka.
- Tochi ya kichwani, filimbi moja kwa kila mtoto, plasta, dawa ya mzio kama kuna mwenye mzio, na kibanio chenye ncha nyembamba. Hicho kibanio nitakieleza.
- Khanga. Usiivae, ibebe. Ya kukalia, ya kufutia, ya kumkinga mama akijisaidia, ya kumfunika mtoto aliyelala kwenye gari mkirudi. Ila kumfunga mtoto mgongoni kwa khanga kwenye mawe sikushauri, ukiteleza mikono yote inatakiwa iwe huru, tafuta kibebeo chenye mikanda.
- Mfuko wa takataka. Maganda ya ndizi na machungwa yanarudi nyumbani pia, usiniambie yanaoza, yanachukua muda mrefu na yanamzoesha dubu kufuata watu.

HATUA ZENYEWE

1. Chagua kipande kwa kumwangalia mtoto mdogo kuliko wote.

Mtu mzima peke yake anakwenda maili mbili kwa saa bila shida. Ukiwa na mtoto chini ya miaka saba weka maili moja kwa saa, na hiyo ni pamoja na kuokota vijiti, kuuliza maswali na kuvua kiatu kutoa kajiwe. Kama hamjawahi kabisa, msizidi maili mbili au tatu kwenda na kurudi.

Kwa anayeanza kabisa, hasa mwenye kigari cha mtoto au bibi aliyekuja kutembea, nampeleka Harpers Ferry, West Virginia. Pale makao makuu ya Appalachian Trail Conservancy, shirika linaloitunza njia hii, yapo mjini kabisa, mnaingia, mnapiga picha. Alafu mnavuka daraja la miguu lililoshikana na reli juu ya mto Potomac, mnaingia Maryland, na upande ule AT inafuata njia ya zamani ya kando ya mfereji wa Chesapeake and Ohio, yaani C&O kwa karibu maili tatu, tambarare kabisa kama barabara ya kijijini. Kigari cha mtoto shida yake ni ngazi za pale darajani tu. Watoto wanaangalia treni za mizigo zinavyopita, mabehewa hayaishi. Mnatembea mpaka mtakapochoka, mnarudi. Na huo ndo mji ambao John Brown alivamia ghala la silaha mwaka 1859 ili kuanzisha vita dhidi ya utumwa, kwa hiyo watoto wa shule wanapata na historia humo humo. Hifadhi ina ada yake na mnapaki kituo cha wageni juu, mnashuka kwa basi lao.

Wakishazoea wapeleke Weverton Cliffs, Maryland, kama maili moja kupanda, njia inakwenda zigizaga kwa hiyo inahemesha ila haiui, na juu unauona Potomac wote. Baada ya hapo Annapolis Rock, maili mbili na nusu hivi kwenda kutoka parking ya barabara ya US 40, kwenda na kurudi tano. Hiyo sio ya siku ya kwanza. Mwanzoni unasikia magari ya I-70 yananguruma mpaka unajiuliza huu ni mlima gani, vumilia, baada ya mwinuko wa kwanza panakuwa kimya na njia inalala. Hakikisha tu mnaelekea kaskazini.

Wenye watoto wadogo na gari zuri waende Shenandoah, unaendesha Skyline Drive na njia inavuka vuka barabara. Pale kila maili ina nguzo yenye namba. Blackrock Summit, nguzo ya 84.8, ni maili moja tu kwenda na kurudi na unaishia kwenye rundo la mawe makubwa ambalo watoto hawataki kuondoka. Stony Man karibu na Skyland, nguzo ya 41.7, ni maili moja na nusu hivi. Ndugu zangu wa Roanoke mna McAfee Knob, lile jiwe linalotokeza hewani ambalo kila mtu anapigia picha, ila ni karibu maili nane kwenda na kurudi, watoto wasubiri wakue kidogo.

2. Angalia hali ya hewa ya mlimani, sio ya mtaani kwako.

Juu ni baridi kuliko chini, kila mara. Majira ya joto ngurumo huja mchana, kwa hiyo nenda asubuhi. Kuanzia Oktoba mpaka Januari ni msimu wa kuwinda paa sehemu nyingi karibu na njia, kila mtu avae kofia au kizibao cha rangi ya chungwa kali, na mtoto pia. Kama mnaanza upya, Aprili na Mei au Septemba na Oktoba ndo raha.

3. Panga saa ya kugeuka kabla hamjafunga milango ya gari.

Hii ndo hatua ninayoisisitiza kuliko zote na ndo inayorukwa kuliko zote. Mnajua mnataka kurudi garini saa ngapi, gawanya muda katikati, hapo ndo mnageuka, hata kama kilele kinaonekana, hata kama aliyekutana nanyi kasema bado dakika kumi. Dakika kumi za kijana wa miaka 25 ni dakika arobaini za familia. Mkianza saa tatu asubuhi na mnataka kumaliza saa nane mchana basi saa tano na nusu popote mlipo mnakaa, mnakula, mnageuka. Weka alamu kwenye simu na waambie watoto mapema, ikilia hakuna mjadala. Novemba saa zikisharudishwa nyuma jua linazama karibu saa kumi na moja jioni, na msituni giza linaingia kabla ya hapo.

4. Mtumie mtu mmoja ujumbe.

Unaandika tumepaki wapi, tunaelekea wapi, gari rangi gani, nikiwa sijakupigia mpaka saa kumi na mbili jioni piga 911. Sio kwenye grupu la watu 200 ambako kila mtu atadhani mwenzake ameuona. Mtu mmoja, na akujibu.

5. Fika mapema.

Parking ya Annapolis Rock ni ndogo, wikiendi ya Oktoba saa tatu asubuhi imeshajaa na kupaki pembeni ya barabara kuu unaandikiwa faini au unavutiwa gari. Nilimbeba shangazi yangu alipokuja kututembelea, tunazunguka kutafuta nafasi akaniuliza, "Mwanangu, tumeendesha gari saa nzima, tena tunapigania parking, ili tukatembee kwa miguu?" Nikamwambia ndiyo shangazi. "Haya, nchi za watu." Alitembea vizuri kuliko mimi, anatoka Lushoto yule.

6. Soma alama.

Alama ya AT ni mstatili mweupe uliopakwa rangi kwenye mti, jiwe au nguzo, upana inchi 2 na urefu inchi 6. Ukiuona mmoja uko njiani. Ukiona miwili, mmoja juu ya mwingine, ina maana kuna kona au kitu cha kuangalia mbele, na sehemu nyingi ule wa juu unakuwa umesogezwa upande mnaotakiwa kukata. Bluu ni njia ya pembeni, inakwenda kwenye maji, kibanda, mandhari au parking. Weverton na Annapolis Rock kwenye mawe yenyewe unaingia kwa njia ya pembeni kwa hiyo usishangae ukiiacha nyeupe, ila mkirudi hakikisheni mmeirudia.

Kazi ya kutafuta alama wape watoto. Anayeiona wa kwanza anapiga kelele "nyeupe!" na anapata karanga moja. Sio mchezo tu, macho yao yanaziona hata wewe ukiwa unaongea na simu.

7. Mdogo mbele, mtu mzima mmoja nyuma kabisa.

Mtoto akiwa mbele anaongoza mwendo na anajisikia mkubwa, akiwa nyuma analia. Nyuma awepo mzazi ambaye hapitwi na mtoto yeyote. Filimbi zao zinapulizwa mara tatu mtu akipotea, na mwenye kupotea hatembei, anakumbatia mti na kupuliza, sheria hiyo waifanyie mazoezi pale parking. Kwenye njia nyembamba anayepanda ana haki, anayeshuka anasubiri. Salimia watu, wanasalimia sana kule, na spika ya Bluetooth iache kwenye gari tafadhali.

8. Kuleni kabla ya njaa.

Kila dakika 40 hivi mnasimama, maji na kitu mdomoni. Usingoje kufika juu, mtoto mwenye njaa mlimani anageuka mtu mwingine kabisa.

9. Haja.

Kojoeni wote kabla ya kuanza. Vibanda vya kulala njiani huwa na choo cha shimo karibu. Kama hakipo na ni haja kubwa, tembea hatua 70 hivi za mtu mzima mbali na njia na maji, chimba inchi 6 mpaka 8, fukia. Tishu zinarudi kwenye mfuko, na wipes za mtoto pia, hizo haziozi.

10. Mkirudi garini, tafuteni kupe.

Huku hatari kubwa sio dubu, ni kupe. Anayebeba ugonjwa wa Lyme ni mdogo sana, akiwa mchanga hafiki hata punje ya ufuta. Angalia nyuma ya magoti, kwapani, kiunoni, nyuma ya masikio, ndani ya nywele, na hapo kwenye nywele za kusukwa pitisha vidole mstari kwa mstari usiwe na haraka. Nyumbani wote waoge ndani ya saa mbili, na nguo kavu zitupe kwenye dryer moto mkali dakika 10 kabla hata ya kufua.

Ukimkuta kashikilia, chukua kile kibanio, mbane karibu kabisa na ngozi pale mdomo ulipoingia, sio tumboni, alafu vuta moja kwa moja juu taratibu bila kumzungusha. Ataachia. Safisha kwa sabuni au spiriti. Achana na kiberiti, vaseline, mafuta ya taa na dawa zote za babu.

MAKOSA NINAYOYAONA KILA WIKIENDI

Watu kusogea ukingoni kwa ajili ya picha. Annapolis Rock na Weverton hamna ukuta wala kamba, ni jiwe alafu hewa. Mtoto ashikwe mkono muda wote mkiwa pale, na mpiga picha asirudi kinyumenyume.

Kaptula kwenye majani marefu. Suruali ndefu, chini iingizwe kwenye soksi, nguo na viatu vipuliziwe permethrin, dawa ya kuua kupe, siku moja kabla. Permethrin ni ya nguo, haipakwi mwilini.

Kugusa kila jani. Kuna poison ivy, huo ndo upupu wa huku, majani matatu kwa pamoja, mara chini mara unapanda mti. Ukiugusa osha na sabuni haraka, na nguo zilizogusa pia.

Kuingiza mkono kwenye nyufa za mawe au kukaa bila kuangalia. Nyoka wa sumu wapo, copperhead na yule mwenye njuga mkiani, wanapenda kuota jua kwenye mawe hayo hayo mnayopenda kukalia. Ukimwona mpe nafasi, ana shughuli zake.

Kukimbia ukimwona dubu. Huku ni dubu weusi na wengi wanakukimbia wao. Simama, wakusanye watoto karibu, ongea kwa sauti, rudini nyuma polepole huku mkimwangalia. Msikimbie, msipande mti, anapanda kuliko nyinyi. Kama anakuja kweli kweli basi pigana naye, huyu mweusi hulali ukajifanya umekufa.

IKITOKEA HIVI

Hamjaona alama nyeupe muda mrefu. Mkipita dakika kumi bila kuona hata moja, simameni na rudini mpaka ile ya mwisho mliyoiona. Usikate njia ya mkato msituni hata kama unalisikia gari.

Mtoto amegoma. Kwanza mpe chakula, nusu ya migomo inaisha hapo. Angalia soksi, kama kisigino kimewaka bandika plasta sasa hivi kabla halijawa lengelenge. Bado anagoma? Geukeni.

Ngurumo zinasikika. Shukeni kwenye mawe ya wazi na mgongo wa mlima mara moja, msijikinge chini ya mti mmoja mrefu uliosimama peke yake. Picha mtapiga siku nyingine.

Simu inakula chaji. Inahangaika kutafuta mtandao, iweke airplane mode, ramani uliyopakua na GPS vinafanya kazi hivyo hivyo. Ukipatwa na dharura na mtandao ni hafifu, jaribu kutuma meseji kwa 911, wakati mwingine inapita pale simu ya sauti inapokataa.

Parking imejaa. Uwe na kipande cha pili mfukoni tangu nyumbani. Ukikosa Annapolis Rock, nenda Washington Monument State Park hapo hapo karibu, AT inapita kwenye mguu wa mnara wa mawe ambao wenyeji wa Boonsboro walimjengea George Washington mwaka 1827, kutoka kwenye gari ni kupanda kidogo tu.

Mnaogopa kuwa weusi peke yenu huko. Naelewa na nimeulizwa sana, hasa na kina dada. Mara ya kwanza nendeni familia mbili tatu, chagueni Harpers Ferry au Shenandoah wikiendi ambapo watu wa kila aina wamejaa na walinzi wa hifadhi wapo. Baadaye utaona mwenyewe ni wapi unajisikia vizuri.

Siku au wiki kadhaa baada ya kupe, mtoto ana homa, uchovu, viungo vinauma au duara jekundu linalopanuka kwenye ngozi. Kwenye ngozi yetu hilo duara laweza kuonekana la zambarau au kahawia tu, usisubiri liwe jekundu la kwenye picha. Piga simu kwa daktari siku hiyo hiyo, Lyme ikiwahiwa inatibika kwa antibiotiki. Atakuuliza kupe alitoka lini na mlikuwa wapi, kwa hiyo tarehe na mahali viandike kwenye kalenda ya simu siku ile ile unayomtoa, na picha ya kupe mwenyewe piga kabla hujamtupa.